Gia ya Tatu

Nilikinunua kwa muuza nyama wa Pontypridd,
Pijo ndogo nyeupe, milango miwili na ule wa nyuma,
ukanda mwekundu kiunoni kama bondia wa uzani wa unyoya.
Buti lilinuka mafuta ya kondoo.
Nikasugua kwa sabuni, kwa siki, kwa magadi;
jua likiwaka tu, na kwetu huwaka kwa nadra,
kondoo hurudi.

Mwaka wa themanini na tisa. Nina miaka ishirini na mmoja,
nashona sidiria kiwandani, zamu ya asubuhi,
na bima, jamani, bima ilikula kuliko gari lenyewe.
Mama akauliza: hilo litakunywa petroli,
na wewe utakunywa nini?
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na ufunguo.

Ijumaa usiku Delyth anajitupa kiti cha kando,
viazi vya kukaanga gazetini, siki inachuruzika zuliani.
Twende, asema, kabla sijapata akili.
Tunaupanda mlima wa Bwlch,
gia ya pili, injini inakwaruza koo,
tatu,
hapo ndipo kinapoacha kunung'unika
na kusema lililo moyoni.
Nyuma yetu bonde na taa zake za njano,
nyumba zimeegemeana kama walevi wenye heshima zao.
Kondoo barabarani. Daima kondoo,
wanatutazama kwa macho ya kijani
kama mahakimu waliokwisha kuamua.

Kileleni, kwenye kiwanja cha kokoto, wavulana:
Gwilym anaipangusa Golfu kwa kitambaa cha meza cha mama yake;
Ieuan na Reno yake ya tabo isiyowaka tena ikishapata moto,
basi haizimi, inaunguruma usiku kucha
ikimnywea mshahara.
Walinicheka. Msichana na gari la bucha.
Kisha wakanifuata mteremko wa Nant-y-moel,
na kicheko sikukisikia tena mpaka chini.

Si kwamba nilikuwa stadi.
Kigari kilikuwa na tabia yake:
ukiingia kona kwa pupa, ukaogopa, ukatoa mguu,
mkia unakupita,
unajikuta unatazama ulikotoka.
Ilinipata mara moja, Novemba, lami imelowa.
Tulizunguka, tukasimama,
taa zikimulika ukuta wa mawe, shibiri moja hivi.
Kimya. Harufu ya siki na kondoo.
Nikacheka mpaka nikalia.

Baba hakuuliza kitu. Miaka thelathini chini ya ardhi,
kisha mgodi ukafungwa, akapewa fidia na kikohozi.
Jumapili moja alfajiri akavaa koti, akaingia,
magoti yamegusa dashibodi.
Juu, akasema.
Nikaendesha kama niliyebeba trei la mayai.
Nerys, hivi ndivyo unavyoendesha nisipokuwepo?
Sivyo.
Basi.

Nikakanyaga.
Akashika mpini juu ya mlango,
ile mikono yenye makovu ya bluu, makaa yaliyobaki ngozini,
na nilipositasita katikati ya kona
akasema, polepole, kama anayesema na farasi gizani:
Usitoe mguu. Usitoe.
Alijuaje? Hakuwahi kumiliki hata baiskeli.

Nilikiuza tisini na tatu,
tumbo la miezi saba halipiti chini ya usukani.
Kijana wa Aberdare alilipa kwa noti zilizokunjamana.
Siku nane. Ukuta wa shule.
Yeye alitoka na mkono uliovunjika; kigari hakikutoka.
Nikaenda kwenye jalala la vyuma,
nikamhonga mlinzi pakiti ya sigara,
nikakizungusha kichwa cha gia. Kilitoka bila ubishi.

Siku hizi naendesha gari la umeme, halina gia.
Linapita kama uvumi. Lina adabu mno,
linaniuliza kama nimechoka.

Kichwa cha gia kipo kwenye droo ya jikoni
kati ya betri zilizokufa na mishumaa ya keki.
Namba zimefutika.
Juzi mjukuu akakiokota: Mamgu, hiki cha nini?
Nikaukamata mkono wake mdogo,
mbele, kulia kidogo, mbele tena.
Hapa ni tatu. Sikiliza.
Jokofu likaanza kunguruma,
naye, miaka minne tu, akainama
kuifuata kona.